Mjadala wa Madaraja: Ahesabuye na Asafiriye

Katika michezo ya kompyuta iliyotungwa kwa mfano wa hekaya za kale, ambamo mchezaji huazima nafsi ya shujaa asiyekuwako, akaingia nchi isiyo katika ramani yoyote, akapigana na mazimwi, akajifunza uganga, uhunzi na upigaji wa mishale, akapanda daraja baada ya daraja mpaka ukomo wa uwezo wake, ni michache iliyozusha ubishi mrefu juu ya njia ya kupanda kama The Elder Scrolls IV: Oblivion, uliotolewa mwezi wa Machi 2006 na Bethesda Game Studios ya Rockville, katika jimbo la Maryland, Marekani. Ubishi wenyewe ni huu: je, mchezaji aketi na kalamu na karatasi ahesabu kila hatua ya kukua kwa shujaa wake, asije akapoteza hata chembe ya nguvu aliyostahili kuipata, au aishike njia aipendayo, apigane kwa silaha aliyoizoea, na kuyaacha madaraja yaje kwa wakati wake? Wako watakaosema kwamba swali hili ni la watoto. Mimi silioni hivyo, kwa kuwa saa nyingi za maisha ya watu wazima na vijana hutumika ndani yake, na jambo linalokula saa za mtu lastahili kupimwa kwa insafu kama jambo lingine lolote.

Nimewapa nafasi hapa wasemaji wawili, nami nitawaita kwa hoja zao, Mwenye Hesabu na Mwenye Safari. Na mbele kidogo ataingia bibi mmoja, muuguzi wa zamu za usiku, ambaye swali lake liliusogeza mjadala huu kuliko hoja zote zilizotangulia. Mimi mwenyewe nitasema panapostahili kusemwa, kwa maana sikuja hapa kuwa mwenyekiti asiye na rai.

MWENYE HESABU: Kabla hujanilaumu, bwana mwenzangu, yafaa tuitazame sheria jinsi ilivyo, maana wengi hubishana juu ya hukumu ilhali kanuni hawajaisoma. Shujaa wa Oblivion ana stadi 21. Mwanzoni mwa kisa, atokapo katika gereza la Imperial City kwa njia ya mifereji ya chini ya ardhi, huchagua stadi 7 ziwe kuu, na zile 14 zilizosalia huwa ndogo. Kila stadi hukua kwa kutumiwa: ukipiga kwa upanga, upanga wakua, ukizuia kwa ngao, ngao yakua, ukichanganya majani na uyoga, utengenezaji wa dawa wakua. Stadi kuu zikipanda mara 10 kwa jumla, shujaa amestahili daraja jipya, na akilala kitandani hulipata. Hapo ndipo ulipo mlango wa hesabu. Huulizwa achague sifa 3 kati ya 8 za maumbile yake, yaani Nguvu, Akili, Irada, Wepesi, Kasi, Ustahimilivu, Haiba na Bahati, ili ziongezwe. Bahati huongezwa 1 tu siku zote. Lakini zile 7 nyingine, kila moja yatawala stadi 3, na nyongeza yake hufuata hesabu ya mara ambazo stadi hizo zimepanda tangu daraja lililopita: zisipopanda kabisa, nyongeza ni 1; zikipanda mara 1 hadi 4, ni 2; mara 5 hadi 7, ni 3; mara 8 au 9, ni 4; na zikitimia mara 10, ni 5. Basi mtu atakaye kupata 5 katika sifa 3 kwa mpigo mmoja, stadi zake sharti zipande mara 30, na hali daraja lenyewe hukamilika stadi kuu zikipanda mara 10 tu. Hizo 20 zilizobaki zitatoka wapi, kama si katika stadi ndogo? Kwa hiyo asiyehesabu, ambaye huzitumikisha stadi zake kuu kwa bidii, kama mchezo wenyewe ulivyomwongoza kudhani kuwa ndiyo njia, hupanda upesi na kuvuna 2 na 3. Na ahesabuye hupanda taratibu na kuvuna 5.

MWENYE SAFARI: Kanuni nimeifahamu, na nakushukuru kwa kuieleza waziwazi, ila sijaona ndani yake sababu ya kunifanya mtumwa wake. Aliyepata 2 badala ya 5 bado amekua. Upanga wake wakata kuliko jana, na nchi ya Cyrodiil iko wazi mbele yake, na misitu yake, na magofu meupe ya Waayleid, taifa la kale, na miji yake yenye kuta na watu wenye shida zao. Mfalme Uriel Septim ameuawa mbele ya macho yake. Hirizi ya ufalme imo mikononi mwake. Milango ya Oblivion, makao ya mashetani, yafunguka mabondeni na milimani. Ndugu yangu, huu ndio wakati wa kukaa chini kuhesabu ni mara ngapi ngao yangu imepigwa?

MWENYE HESABU: Laiti dunia hiyo ingesimama mahali pake, ningekufuata leo hii. Lakini haisimami. Kila upandapo daraja, maadui nao hupandishwa pamoja nawe. Utazame mji wa Kvatch, ulioteketezwa na mashetani, ambako kisa humtuma mchezaji mapema. Akienda angali katika madaraja ya mwanzo, hupambana na vishetani dhaifu. Akichelewa mpaka amepanda sana, hukutana na daedroth wenye vichwa vya mamba, naye hana budi kupigana nao kwa mwili uleule alioukuza ovyo. Watazame wanyang'anyi wa barabarani, ambao kwanza huvaa manyoya na ngozi, na baadaye, shujaa akipanda, huvaa deraya za kioo zenye thamani ya maelfu, na bado wamsimamisha msafiri kumdai vipande 100 vya dhahabu. Mtu aliyejiandika mfanya biashara na mwenye ulimi mtamu, akapanda madaraja 10 kwa kuuza na kusemezana na watu, ataamka asubuhi moja akute dunia imejifunza vita naye hajajifunza. Je, huyo amedhulumiwa au hakudhulumiwa?

Hapa napenda kusimama kidogo, kwa kuwa neno hili la dunia inayopanda pamoja na mtu ndilo shina la ubishi wote, na aghalabu watu hulipita mbio. Katika michezo ya asili ya aina hii, ile ya mezani iliyotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, daraja lilikuwa ujira: mtu aliwashinda mazimwi, akatoka na hazina pangoni, akaandikiwa maarifa, na maarifa yalipotimia kiasi akapandishwa. Zimwi lililomfukuza jana halikukua usiku. Lilingoja palepale, na siku aliporudi akalishinda, alijua kwa yakini kwamba amekuwa mtu mwingine. Daraja lilikuwa na maana kwa sababu kulikuwa na kitu kisichobadilika cha kulipimia. Watungaji wa Oblivion walikuwa na shauku nyingine, nayo si mbaya: walitaka mchezaji awe huru kwenda popote tangu siku ya kwanza, asikute mahali pa kumwua papo hapo wala mahali pasipo taabu yoyote. Kwa ajili ya uhuru huo waliiamuru nchi nzima imtazame yeye na kujirekebisha kwake. Lakini walipoliondoa jiwe la kupimia, walibaki na ngazi ambayo mtu huipanda nayo yazama kwa kiasi kilekile. Na katika ngazi ya namna hiyo, apandaye kwa mpango mbaya hushuka. Ndiyo maana nasema kwamba Mwenye Hesabu hakuibuni hofu yake. Alifundishwa na mchezo.

Mwenye Safari hakuridhika na jibu hilo, na hoja aliyoileta baadaye naiona kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote alizozitoa.

MWENYE SAFARI: Haya, na tukubali kwamba dunia yapanda. Sasa tutazame dawa uliyoileta, tuone kama si ugonjwa wa pili. Wewe wafundisha kwamba mtu achague kuwa stadi kuu zile ambazo hatazitumia, ili daraja lisimjie bila ya idhini yake. Apendaye upinde, upinde auweke katika stadi ndogo. Aliye na nia ya kuwa mganga, ajiandike mpiga rungu. Maana yake ni kwamba mtu ajitangaze kuwa asiye, ndipo afanikiwe kuwa aliye. Kisha wafundisha kwamba atafute kaa wa matopeni ufukweni, asimame mbele yake na ngao na deraya nzito, amwache kaa yule ampige, naye ajiponye kwa uganga mdogo, na kupigwa tena, na kujiponya tena, mpaka ngao ipande, na deraya ipande, na uponyaji upande. Wafundisha kwamba mtu atunge uganga wa gharama ndogo kupita yote na kuutupa hewani mara mamia, kwa sababu katika mchezo huu uganga mdogo na mkubwa hulipa sawasawa. Wafundisha kwamba anyatie kuelekea ukutani karibu na mtu aliyelala, akibonyeze kitufe cha kutembea chenyewe, na kwenda zake kula chakula. Nakuuliza kwa heshima: katika saa hizo, ni nani anayecheza?

MWENYE HESABU: Anacheza yule aliyeielewa kanuni. Bwana, pale barazani wazee wanapocheza bao, lenye mashimo 32 na kete 64, hakuna alaumiwaye kwa kuhesabu. Tena anayehesabu mbele zaidi, akaona kete itaishia shimo gani kabla hajaiinua ya kwanza, ndiye aitwaye fundi, na watu hukusanyika kumtazama. Kwa nini hesabu iwe fahari kwenye bao na iwe aibu kwenye kompyuta? Kanuni yoyote iliyowekwa na binadamu ina siri ndani yake, na kuifumbua siri hiyo ni starehe ya akili, wala si lazima kila starehe iwe ya kupunga upanga.

MWENYE SAFARI: Mfano wako nimeupenda, nao ndio unaokushinda. Katika bao, kuhesabu ndiko kucheza; ukiondoa hesabu, zimebaki mbegu na ubao. Katika mchezo wetu huu hesabu hukuondoa pale pachezwapo, ikakuweka ufukweni na kaa. Mzee wa bao hahesabu ili baadaye apate kucheza. Akihesabu, tayari anacheza, na mwenziwe aliye mbele yake ahesabu pia. Kaa wako hahesabu kitu.

Naamini jibu hilo ni sahihi, lakini si timilifu, kwa maana iko namna ya watu ambao kwao kupanga ndiyo safari yenyewe. Wapo ambao huandika majedwali ya sifa na stadi kabla hawajampa shujaa jina, na furaha yao ni ya kweli, si ya kujidanganya; sioni haki gani ingeniruhusu kuwanyang'anya. Ninalolipinga si kuhesabu kwao. Ninalipinga lile linalotokea pale ambapo kanuni humlipa mtu kwa kujikana, ikampa zaidi anayefanya asilolipenda na kumpunguzia anayefanya alilolichagua. Kanuni ya kukua kwa kutumia ilikuwa na muradi mzuri: mtu awe mahiri katika lile alitendalo kila siku, kama ilivyo duniani. Iliposhikamanishwa na hesabu ya nyongeza na dunia ipandayo, ikageuka kinyume cha muradi wake.

Wala Oblivion haikuwa ya kwanza kuingia mtego huo. Mwaka 1988, huko Japani, mchezo wa Final Fantasy II uliacha kuhesabu madaraja, ukaweka kanuni kwamba kila sifa ikue kwa kutumika au kuguswa. Aliyepigwa sana, uhai wake ukaongezeka. Wachezaji hawakuchelewa kugundua kwamba njia fupi ya kuwa na uhai mwingi ni kuwaamuru mashujaa wa kundi moja wapigane wao kwa wao, ndugu na ndugu, mbele ya adui dhaifu anayetazama. Watu walioapa pamoja kumpinga mfalme dhalimu wakawa wakikatana kwa panga ili wanenepe. Sidhani kwamba mtungaji yeyote alitaka kisa chake kisomeke hivyo. Lakini mchezaji husoma kwanza kile kinacholipa, na hadithi huja nyuma.

MWENYE HESABU: Na Skyrim je, mchezo uliofuata Oblivion katika mfululizo uleule? Huko watungaji walizifuta sifa 8 zote mwaka 2011, wakaondoa na stadi kuu, wakabakiza stadi 18, na kila daraja humwongezea mtu 10 katika uhai, uganga au pumzi, apendavyo. Walidhani wametuondolea hesabu. Hawakutuondolea. Siku za mwanzo kila mtu alikuwa mhunzi wa visu: kisu kimoja cha chuma kilihitaji mche 1 wa chuma na ukanda 1 wa ngozi, na kwa kuwa kila kisu kilifunza sawa na silaha ya thamani, watu walifua mamia ya visu bila ya kuondoka kwenye fuawe. Watungaji wakairekebisha kanuni, thamani ya kitu ikaingizwa katika hesabu. Nasi tukahamia kwingine.

MWENYE SAFARI: Mlihamia kwa Faendal.

MWENYE HESABU: Tulihamia kwa Faendal, ndiyo. Ni mkazi wa kijiji cha Riverwood, hufundisha upinde kwa malipo. Na ukimsaidia katika mapenzi yake, hukubali kufuatana nawe. Mwalimu akiwa mfuasi wako, mfuko wake waufungua upendavyo. Unamlipa dhahabu, anakufundisha, unaichukua dhahabu ileile na kumlipa tena, mpaka kikomo cha mafunzo 5 kwa kila daraja kitimie.

MWENYE SAFARI: Nawe huoni haya, kumlipa mwalimu kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono wa pili?

MWENYE HESABU: Ni mwalimu wa picha, bwana. Hana watoto wanaolala njaa.

Neno hilo la mwisho lilizusha kimya, na ndani ya kimya hicho ndipo bibi niliyemtaja aliposema. Maneno yake nayaandika kama yalivyokuwa, kwa kuwa yalikuwa machache na kila moja lilikuwa na kazi.

BIBI: Kaka zangu, nimewasikiliza kwa adabu, na ninyi nyote mwasema kama watu wenye wakati. Mimi hutoka zamu alfajiri, na katika wiki nzima hupata jioni moja, mbili zikiwa nyingi. Siwezi kusimama na kaa. Wala siwezi kucheza jioni zangu za miezi kadhaa kisha nikagundua kwamba shujaa wangu ameharibika tangu mwanzo na sina budi kuanza upya. Wewe, kaka Safari, waniambia niende tu, na nchi itaniua. Wewe, kaka Hesabu, waniambia nihesabu mara 30 kila daraja, na hesabu itanichosha kabla ya nchi. Naomba mniambie lililo la lazima, mliache lililo la ziada.

Hakuna swali bora kuliko hilo katika mjadala wowote wa ustadi, na Mwenye Hesabu, nasema kwa kumsifu, alilijibu kama mtu mzima.

MWENYE HESABU: Dada yangu, la lazima ni moja, nalo ni Ustahimilivu. Sababu yake ni kwamba kila upandapo daraja, uhai wako huongezwa sehemu ya kumi ya Ustahimilivu ulionao siku hiyo. Mwenye 40 huongezewa 4, na mwenye 100 huongezewa 10. Nyongeza ya daraja lililopita hairudiwi. Ukiukuza Ustahimilivu mwishoni, yale madaraja ya kwanza uliyoyapita na mwili dhaifu hayatakulipa tena. Sifa nyingine zote zaweza kusubiri. Ukichelewa nazo, umechelewa tu. Ukianza na Ustahimilivu wa 40 na kuuongeza 5 kila daraja, utatimia 100 kwa madaraja 12. Ukiuongeza 2, itakupasa madaraja 30. Haya mengine yote niliyoyasema tangu asubuhi, ya kaa na ya ukuta, ni mapambo juu ya nyumba hii moja.

BIBI: Na hiyo 5 naipataje bila ya kaa?

MWENYE HESABU: Stadi zinazotawaliwa na Ustahimilivu ni 3: kuzuia kwa ngao, deraya nzito, na kutengeneza silaha zilizoharibika. Vaa deraya nzito, shika ngao, na nyundo za kutengenezea ziwe mkobani mwako. Baada ya kila pigano tengeneza vifaa vyako mwenyewe, usimpelekee mhunzi. Pigo linalokuangukia lafunza ngao au deraya, na uharibifu wa pigo hilohilo wafunza nyundo. Kisha dhahabu uipatayo katika mapango mpelekee mwalimu wa mojawapo ya hizo tatu. Hakuna mwalimu anayekubali zaidi ya mafunzo 5 kwa daraja moja, lakini 5 ni nusu ya 10 unazozihitaji. Nusu ya pili itakuja kwa mapigano yako ya kawaida. Usilale mpaka zimetimia. Kitanda ndicho kitoacho daraja, na usipolala daraja halitoki.

MWENYE SAFARI: Sasa hapo, ndugu yangu, umesema maneno ambayo hata mimi nayafuata. Mtu huyo uliyemweleza anapigana, anaumia, anatengeneza upanga wake kando ya moto, anarudi mjini kumtafuta mwalimu. Huyo ni msafiri.

Ni kweli, na mimi naongeza kwamba hapo ndipo wasemaji hawa wawili walipokutana bila ya mmoja kumwachia mwenziwe chochote alichokithamini. Njia aliyopewa bibi yule ina hesabu, lakini hesabu yake imefichwa ndani ya matendo ambayo shujaa yeyote mwenye akili angeyatenda: kujikinga, kuvaa vizuri, kutunza silaha, kusoma kwa mwalimu. Naliona hilo kuwa kipimo cha ushauri wowote juu ya kupanda madaraja. Ushauri unaomwacha mtu akiendelea kuwa shujaa ni mzuri. Unaomgeuza kuwa kibarua wa kibonyezo ni mbaya, hata kama unaleta namba kubwa zaidi mwishoni.

Mwenye Safari aliwahi kutaja pia kile kipimo cha ugumu kilichomo katika mchezo, ambacho mtu hukisogeza kushoto au kulia ili mapigo ya maadui yapungue au yazidi, akauliza kwa nini watu wahangaike ikiwa dawa iko karibu hivyo. Mwenye Hesabu alimjibu kwamba kukisogeza ni kukiri kuwa sheria imeshindwa. Katika hili nasimama na Mwenye Safari bila ya kusita. Mtungaji aliyekiweka kipimo kile alikiweka kitumike, na mtu mwenye jioni moja kwa wiki hadaiwi na mtu yeyote uthibitisho wa ushujaa.

Basi sheria yenyewe je, ilikuwa ya haki? Watengenezaji wenyewe wametoa hukumu, na hukumu yao ni ya waziwazi. Mwezi wa Aprili 2025, Oblivion ilipotolewa upya kwa kazi ya pamoja ya Bethesda na kampuni ya Virtuos, hesabu ya nyongeza iliondolewa. Sasa kila daraja humpa mchezaji pointi 12, azigawe katika sifa zisizozidi 3, wala sifa moja isipate zaidi ya 5, na Bahati hugharimu pointi 4 kwa kila 1; na stadi ndogo nazo huchangia katika kupanda daraja. Mpiga mishale ajiandike mpiga mishale, apige mishale, akalale, apate sawa na mwingine yeyote. Wako wakongwe wa hesabu walioona kwamba wameporwa ufundi walioutumikia kwa miaka 19. Nawahurumia, kwa maana maarifa yao yalikuwa ya kweli na yalipatikana kwa jasho. Lakini maarifa ya kuikwepa sheria mbaya hayawi hoja ya kuibakiza sheria hiyo.

Na wale vijana wetu wanaojifunza kuandika programu, ambao siku moja watatunga hekaya zao wenyewe, kama walivyofanya Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, waliotoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, nawaomba waipime kila kanuni ya kukua kwa swali moja kabla hawajaifunga: mchezaji mwenye tamaa kuliko wote, akiifuata kanuni hii mpaka mwisho wake, atakuwa akifanya nini saa sita usiku? Ikiwa jibu ni kwamba atakuwa akimpiga rafiki yake, au akimwibia mwalimu wake, au akitembea kuelekea ukutani, kanuni ibadilishwe, wala asilaumiwe mchezaji.

Ama wewe msomaji ambaye nakala yako ni ile ya 2006, nawe wataka kuanza jioni hii: chagua stadi uzipendazo kweli, ila moja kati ya zile 3 za Ustahimilivu iwe miongoni mwa kuu na mbili ziwe ndogo, ufike Kvatch mapema, kabla hujapanda madaraja mengi, mlipe mwalimu wako, wala usimnyang'anye, na wanyang'anyi wa barabarani wakianza kukuelemea, kisogeze kile kipimo cha ugumu na uendelee na njia yako.